Alama nyekundu kila asubuhi, chumba cha kupanga Kireka: ni kunguni kweli?

Binti wa Arua:
Habarini za humu ndani. Naombeni mnisaidie maana usingizi umenihama.

Tunakaa Kireka, pembeni mwa Kampala, muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, pazia katikati, watoto upande wa mlango na sisi upande wa ukuta. Nyumba ni mstari mmoja, wapangaji saba. Mwanangu mkubwa amerudi likizo kutoka bweni na sanduku lake la bati na godoro lake. Wiki hiyohiyo shemeji yangu alituletea kochi kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama Ntinda. Bei nzuri, kochi zuri, nikafurahi.

Sasa mdogo wa miaka minne anaamka na vivimbe vyekundu shingoni na mkononi, vitatu vinne vimepangana mstari. Mimi navyo vipo mgongoni. Mume wangu analala palepale na hana hata kimoja, kwa hiyo anasema ni mbu, eti nimeanza kuota. Neti tunayo, zile za serikali. Juzi usiku niliwasha tochi ya simu ghafla nikaona kitu cha kahawia kinakimbilia kwenye mshono wa godoro. Sikukiwahi.

Nauliza hivi. Nitajuaje kwa uhakika? Jirani mmoja anasema ninunue dawa ya kuogeshea ng'ombe nipulize. Mwingine anasema kuna vidonge vya kuwekea mahindi, ukiweka viwili chini ya kitanda asubuhi unafagia maiti tu. Mume wangu naye anataka kutoa neti kwa sababu kasikia ndiyo inaleta wadudu hawa. Halafu mwenye nyumba ni mama mkali. Nikimwambia, si atanifukuza?

Boda wa Banda:
Hao ni kunguni, dada, usiulize mara mbili. Mwaga mafuta ya taa kwenye kitanda, funga mlango, nenda sokoni. Ukirudi wamekwisha.

Mama Gesti, Malaba:
Wewe Boda, mafuta ya taa kwenye chumba kimoja ambamo watu wanapika na sigiri, jiko la mkaa? Atarudi sokoni akute hana kitanda wala chumba. Kaa pembeni kidogo, mwanangu.

Binti wa Arua, pole, na karibu kwenye chama. Mimi nina gesti ndogo hapa Malaba, karibu na malori yanapoegeshwa. Wageni wangu ni madereva wanaotoka Mombasa kwenda Kigali, Juba, wengine Kongo. Karatasi zikikwama forodhani wanalala kwangu. Kila dereva ana begi, na begi hilo limelala Mariakani, limelala Eldoret, limelala chini ya kiti cha lori. Kwa hiyo mtu akiniambia kunguni ni wa watu wachafu, namkaribisha apanguse sakafu yangu kwa kitambaa cheupe. Kunguni hafuati uchafu. Anafuata joto la mwili na pumzi ya mtu aliyelala. Vurugu ya vitu chini ya kitanda inamsaidia tu kupata pa kujificha. Hilo nalisema mwanzo kwa sababu najua unachoogopa kwa huyo mwenye nyumba ni aibu, na aibu ndiyo inayowafanya wapangaji saba wapulizie dawa kwa siri, kila mmoja siku yake, na wadudu wanahama tu kutoka chumba hiki kwenda kile.

Tuanze na kujua. Vivimbe peke yake havitoshi. Mstari wa vitatu unatia shaka kweli, lakini miili ya watu inatofautiana sana: kuna anayevimba siku hiyohiyo, kuna anayevimba baada ya siku kadhaa, na kuna asiyevimba kabisa. Mumeo anang'atwa kama wewe, ila ngozi yake haisemi. Nimekuwa na mgeni aliyelala kitanda ambacho asubuhi tulikuta shuka lina matone ya damu, na yeye akaniambia amelala kama mfalme.

Fanya hivi mchana, siyo usiku. Chukua tochi yenye mwanga mkali na kadi ngumu, hata kadi ya benki iliyokwisha muda. Vua shuka lote. Anza na ule mkunjo uliozunguka ukingo wa godoro, upitishe kadi ndani yake polepole kona hadi kona. Unatafuta vitu vinne. Vidoa vyeusi kama mtu alijaribu kalamu hapo; hicho ni kinyesi chao, ni damu iliyosagwa. Kipanguse kwa kitambaa cheupe chenye maji: kikitoka na rangi ya kahawia au nyekundu, umepata jibu. Pili, maganda ya rangi ya majani makavu, mepesi, yenye umbo la mdudu lakini tupu ndani. Wanajivua kila wanapokua. Tatu mayai, meupe, urefu kama milimita moja, yamegandishwa kwenye ufa. Haya wengi hawayaoni na ndiyo yanayowarudisha nyuma. Nne, mwenyewe. Mkubwa ana milimita tano hadi saba, bapa, wa kahawia, na akishashiba anavimba na kuwa mwekundu. Mdogo karibu hana rangi mpaka anywe damu, kwa hiyo usitegemee kuona kahawia tu.

Ukimaliza godoro, nenda kwenye kitanda: viungo, matundu ya skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani. Halafu nyuma ya kalenda, mikunjo ya pazia hilo la katikati, na begi unalotundika ukutani. Wengi utawakuta ndani ya mita moja au mbili kutoka mahali mtu analala. Hawapendi kutembea mbali na chakula. Kwenye sanduku la mtoto angalia bawaba na pale bati lilipokunjwa, na kama limebandikwa karatasi ndani, libandue. Kochi ligeuze miguu juu. Chini kuna kitambaa cheusi kimepigwa pini. Kifungue. Mimi nakuambia mapema: nina wasiwasi na kochi kuliko sanduku.

Nimeandika sana na mgeni ananigongea. Nitarudi kwenye kuwaua.

Mwanafunzi wa Kikoni:
Mama kaeleza vizuri. Naongeza kidogo, nasoma mambo ya wadudu. Huku kwetu kwenye joto tunao kunguni wa aina mbili, Cimex lectularius, ambaye yuko karibu dunia nzima, na Cimex hemipterus, wa nchi za joto. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Jike anataga yai moja mpaka matano kwa siku, na maishani anaweza kufikisha mia mbili na zaidi. Yai linaanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 kukiwa na joto, kukiwa na baridi linachelewa. Akitoka ndani ya yai anapita hatua tano kabla ya kuwa mkubwa, na kila hatua lazima anywe damu angalau mara moja.

Kuhusu dawa za kopo za dukani: nyingi ni za kundi la pairethroidi. Ni kundi lilelile lililowekwa kwenye neti zetu. Kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshakuwa sugu kwake, baada ya miaka mingi ya kukutana nalo. Unapulizia, wanatapatapa, wachache wanakufa, wengine wanatawanyika kwenye nyufa za mbali zaidi. Hivyo neti haileti kunguni. Inashindwa tu kuwaua, na wao wanaona mikunjo yake ni mahali pazuri pa kupumzika.

Nesi Mstaafu, Jinja:
Nimesoma neno vidonge vya mahindi nikaacha chai yangu. Dada, tafadhali, leo hii mwambie huyo jirani hapana.

Vile vidonge ni vya kufukiza ghala la nafaka, ghala lililofungwa, lisilo na watu ndani. Vikikutana na unyevu wa hewa tu vinatoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo haijui ukuta. Inapita chini ya mlango, inapita kwenye nyufa, inapita juu ya dari ambayo ninyi wapangaji saba mnaichangia. Anayelala chumba cha pili anaweza kufa wakati wewe mwenyewe umekwenda kulala kwa ndugu. Na hospitali hatuna dawa ya kuizima sumu hiyo. Tunamsaidia mgonjwa apumue na tunaomba Mungu. Nilifanya kazi wodi ya watoto miaka mingi. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ilitengenezwa kwa ng'ombe anayesimama nje kwenye hewa, siyo kwa godoro ambalo mtoto wa miaka minne analaza uso usiku kucha. Vilevile usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Chupa isiyo na maandishi hujui imebeba nini, na mtoto anajua chupa ya soda ni ya kunywa.

Sasa neti. Baba wa watoto asiitoe. Kunguni wanasumbua, wanakosesha usingizi, mtoto anajikuna mpaka anatoka vidonda. Malaria inaua, na hapa Uganda watoto chini ya miaka mitano ndio inaowachukua zaidi. Ioshe neti kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, ianike kivulini, irudishe.

Watu pia huniuliza kimyakimya kama kunguni analeta virusi vya Ukimwi kwa kuwa anakunywa damu ya huyu na yule. Haijaonekana. Wala homa ya ini haijathibitika kwamba anaiambukiza. Msimchanganye na papasi, yule wa nyumba za udongo anayejificha kwenye sakafu na kuta. Papasi ana miguu minane, ni jamaa wa kupe, na yeye analeta homa inayokuja na kuondoka. Kwako Kireka, kwenye sakafu ya simenti, sidhani kama ni yeye.

Mtoto muoshe kwa maji na sabuni, mwekee kitambaa cha baridi, mkate kucha. Dawa ya mzio muulize mfamasia kwa uzito wa mtoto, usikadirie. Kama muwasho uko zaidi katikati ya vidole, kwenye viganja na kwapani, na unamtesa kila usiku hata akilala kwingine, mpeleke kituo cha afya, huo unaweza kuwa upele. Vivimbe vya viroboto navyo hukaa zaidi miguuni, kwenye vifundo.

Mama Gesti, Malaba:
Asante sana nesi. Nimerudi.

Binti, kuna mambo usifanye kwanza. Usihame kulala kwenye kochi, wala usimhamishie mtoto kwa jirani. Mdudu huyu akikosa mtu anamtafuta, na wewe utakuwa umempelekea chumba cha pili. Usikimbilie kununua godoro jipya. Utalilaza juu ya kitanda kilekile, na mwezi ujao una magodoro mawili ya kutibu. Na kama ukiamua kutupa kitu, kichane kabisa kwa kisu kabla hujakitoa nje. Ukiliacha kochi zima barabarani Kireka halimalizi saa moja, mtu ameshalibeba.

Kitu kinachowaua bila kubishana ni moto, namaanisha joto. Kwenye nyuzi hamsini hawachukui muda, wao na mayai yao. Ndiyo maana gesti yangu mimi sina shelfu ya dawa, nina masufuria.

Nguo na mashuka: yakusanye palepale kitandani, yaingize kwenye kavera kubwa, ule mfuko wa plastiki, ulifunge kabla hujavuka nalo chumba. Usiyaburute. Nje chemsha maji, mwaga kwenye beseni juu ya nguo, zilowe mpaka maji yapoe yenyewe, kisha fua. Zisizovumilia maji ya moto zitie ndani ya kavera jeusi, uzitandaze nyembamba, ulaze kwenye bati au simenti yenye jua kali kuanzia asubuhi hadi alasiri. Nimesema nyembamba kwa sababu watu wanajaza kavera kama gunia la mkaa, nje linaungua na katikati wadudu wanapata kivuli. Nguo zilizokwisha kupona zikae kwenye kavera safi lililofungwa, usizirudishe kabatini.

Godoro kulianika juani peke yake hakutoshi. Joto linaishia juu, na mdudu anahamia upande wa chini. Kama ni la sponji na lina foronya ya zipu, vua foronya hiyo uichemshe. Sponji lenyewe lipanguse na ulikague, hasa kwenye matundu na mipasuko. Likiwa safi, lifungie lote ndani ya polithini nzito na ubandike kwa utepe wa gundi pasibaki mwanya. Walio ndani hawatoki tena. Usilifungue mapema kwa sababu mdudu mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Mwaka mzima liache hivyo, tandika shuka juu yake. Litapiga kelele ukigeuka, utazoea.

Kitanda kitoe nje. Kifungue vipande vipande. Birika la maji yanayochemka, siyo ya vuguvugu, mimina polepole kwenye kila kiungo na kila tundu. Watoto wawe mbali. Chumbani nako kuta zina nyufa, na pale waya wa umeme unapoingilia ukutani pana tundu. Ziba kwa simenti au puti. Hapo usimwage maji! Umeme hauna urafiki.

Ukishakirudisha kitanda, kisiguse ukuta tena. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na sabuni kidogo. Neti iingize chini ya godoro pande zote, isilale sakafuni, maana ikigusa chini umewajengea daraja. Blanketi pia lisining'inie. Kuanzia hapo kitanda kinakuwa kisiwa: anayetaka kukufikia lazima apite kwenye kopo, na asubuhi unahesabu walioanguka. Hicho kopo ndicho kitakachokuambia kama unashinda.

Halafu unarudia. Hapa ndipo wengi wanaponunua tena dawa na kulaani mwenye duka. Umewaua wakubwa wiki hii, mayai uliyoyakosa yameanguliwa wiki ijayo, na wale wadogo wasio na rangi wanaanza kukunywa. Baada ya wiki moja fungua kitanda tena, maji tena, kagua tena. Wiki inayofuata tena. Unaendelea mpaka makopo yakae mwezi na nusu matupu na hakuna vidoa vipya kwenye shuka. Tumia shuka jeupe kipindi hiki, hata kama ni chakavu.

Mimi chumba kikishikwa nakifunga na sipokei mgeni humo mpaka kiishe. Ninapoteza pesa. Lakini dereva mmoja akilalamika kwenye foleni ya mpakani, habari inafika Mlolongo kabla yake.

Mwanafunzi wa Kikoni:
Mama, umegusa kitu kizuri kwenye kopo. Vitabu vingi vya Ulaya vinasema weka miguu ya kitanda kwenye vikombe vikavu vya plastiki laini, kunguni akiingia hapandi. Huyo ni lectularius. Yule wa kwetu wa joto ana vinyweleo vingi zaidi vya kushikia miguuni, anapanda plastiki laini vizuri. Kwa hiyo maji yenye sabuni ndiyo yenyewe.

Kuna na la majani ya maharage. Zamani nchi za Balkani watu walitandaza majani hayo sakafuni usiku, asubuhi wanayakusanya na kuyachoma moto yakiwa na kunguni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza kwamba jani lina vindoano vidogo vinavyomtoboa kunguni miguuni na kumshika. Maharage hapa yako kila shamba.

Mama Gesti, Malaba:
Yako, lakini kwangu majani ya maharage yakifika nyumbani yanaingia kwenye sufuria na karanga. Kunguni atayakuta kwa hadithi tu. Jaribu wewe huko Kikoni uniambie.

Fundi wa Ndeeba:
Natengeneza vitanda vya mbao, niseme langu kuhusu fremu.

Maji ya moto ni mazuri, ila kitanda chako kikishakauka usikikaze na kukiacha vilevile. Tundu la zamani lisilo na skrubu ni nyumba. Changanya vumbi la mbao laini na gundi ya seremala, jaza, sugua kwa msasa, kisha piga vanishi, hasa upande wa chini wa vibao ambako sisi mafundi huwa tunaacha mbao mbichi kwa kuwa mteja haangalii. Kunguni anapenda mbao kavu yenye kwaruzo.

Watu wanadhani kitanda cha chuma kimepona. Vile vitanda vya ghorofa vya shule, bomba ni tupu ndani, na mara nyingi ncha haikuzibwa. Wanajaa humo. Bomba la hivyo utalimwagia maji yanayochemka upande mmoja yatokee wa pili, halafu uzibe.

Kochi, dada, nakuambia kama mtu ninayekarabati makochi: kama ni wao, liache. Kulivua kitambaa chote, kubadilisha sponji, kutibu fremu na kulivika upya kutakula pesa zaidi ya uliyolinunulia. Ningekuwa nataka kula pesa yako ningesema lilete.

Binti wa Arua:
Wapendwa, nimesoma yote kwa sauti na mume wangu akiwa amekaa. Tumefungua kitambaa cha chini ya kochi. Sitaeleza sana. Vidoa vyeusi vimejaa kwenye pembe za mbao, maganda, na wazima wanatembea. Kwenye kitanda chetu tumepata vidoa kwenye mkunjo wa godoro upande wangu, na nilipopangusa kitambaa kilitoka kahawia. Sanduku la mtoto hatukuona kitu, lakini godoro lake la bweni lina doa moja ninalolitilia shaka. Mume wangu amekubali si mbu. Neti imebaki, vidonge tumevikataa.

Maswali matatu na nitawaacha mpumzike. Moja, mwenye nyumba nimwambieje? Mbili, mtoto atarudi shule, nifanyeje asiwapeleke au asiwalete tena? Tatu, nina pasi ya mkaa, naweza kuipitisha kwenye mishono ya godoro badala ya kuhangaika na maji?

Boda wa Banda:
Mafuta ya taa nimefuta kauli. Hilo kochi nitakusaidia kulibeba hadi dampo, lakini ulichane kwanza kama mama alivyosema, sitaki abiria anione nalo.

Mama Gesti, Malaba:
Ahsante Boda, umekuwa mtu. Na ulivike polithini kabla ya kulitoa, lisidondoshe wadudu kwenye veranda ya wenzako.

Mwenye nyumba mwambie. Uko Buganda, nenda jioni akiwa amekaa, piga goti, salimia mpaka salamu ziishe. Usianze na "nyumba yako ina kunguni", hapo atasikia unamtukana. Sema "mama, tumeingiliwa, nimeanza kuwatoa, naogopa wasije wakafika kwa wenzangu na kwako". Mwonyeshe kochi linaondoka. Kisha umwombe jambo moja tu: aruhusu vyumba vyote saba vikaguliwe siku moja. Vyumba vya mstari vinachangia dari na nyaya, mmoja akibaki nao mnaanza upya wote. Kama ana akili ya biashara ataona chumba chenye kunguni hakipangishiki. Akitaka kuleta mtu wa kupuliza, muulizeni mtu huyo maswali mawili kabla hajalipwa: dawa hiyo imeandikwa nini kwenye kopo, na atarudi lini mara ya pili. Akisema ya kwake ni mara moja inatosha, mwageni.

Mtoto wa bweni: akirudi likizo sanduku lisivuke mlango. Lifungulie nje juani, nguo ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto, godoro likaguliwe hukohuko. Wakati wa kurudi shule, hilo godoro lenye doa lifunge polithini kama nilivyoeleza. Mwambie na mama wa bwenini kwa upole. Kule wanalala watoto wengi chumba kimoja, na mwenye taarifa mapema anashukuru, hata kama uso utakunjwa siku hiyo.

Pasi ya mkaa kwenye sponji, hapana. Sponji inayeyuka, inashika moto haraka, na moshi wake ni sumu. Pasi ipitishe kwenye mashuka, kwenye foronya ya godoro ukishaivua, na kwenye mikunjo ya pazia, taratibu, ikae kidogo kila sehemu. Kwa mkunjo wa godoro lisilovuliwa foronya, tumia kitambaa kilichochovywa kwenye maji yanayochemka ukishikie kwa koleo la jikoni, ukibane palepale kwenye mshono, uchovye tena. Inachosha mikono. Anza na kona ya upande wako, ndiko walikoanza.